Jicho la mguu: kisa cha kifundo kilichoteguka na kilomita 10 za hisani

Chupa ilikuwa ya nusu lita, imebaki na maji robo, kifuniko kimefungwa. Hili la kifuniko lina maana yake. Chupa isiyo na kifuniko ukiikanyaga inabonyea na kulala. Yenye kifuniko haibonyei, hewa haina pa kutokea, kwa hiyo inabiringika. Niliikanyaga kwa mguu wa kushoto kwenye kilomita ya saba ya mbio za hisani, Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, bahari ikiwa mkono wa kulia na Daraja la Tanzanite limeshaonekana mbele. Mguu ukapinduka kwa ndani. Nikasikia mlio mdogo, kama bamia mbichi inapokatwa ncha kwa kidole, na kabla sijafika chini nilishajua kwamba ni palepale.

Palepale, kwa sababu siku 17 kabla yake kifundo hichohicho kilikuwa kimeshateguka mara moja.

Mimi ni katibu wa klabu ya mchakamchaka, moja ya hizi za mtaani ambazo Jumapili alfajiri utazisikia kabla hujaziona: filimbi, ngoma, nyimbo, kisha supu. Pale klabuni kisa changu kimeshapewa jina. Wanakiita kisa cha chupa. Katibu alikuwa anakwenda vizuri, akakanyaga chupa, bahati mbaya. Nimeamua kukiandika kwa sababu sikubaliani na jina hilo. Chupa zilikuwa zimetapakaa barabara nzima baada ya kituo cha maji, na zilikanyagwa na watu wengi kabla yangu na baada yangu. Nilikaa ukingoni mwa barabara robo saa nzima nikiwaangalia. Mtu anakanyaga, anayumba, mguu unajirudisha wenyewe, anaendelea na wimbo wake. Aliyekuwa chini ni mmoja tu.

Kwa hiyo swali la kuchambua ni kwa nini mguu wangu haukujirudisha.

Alhamisi, mlango wa daladala

Mara ya kwanza haikuwa na hadithi yoyote ya kishujaa. Daladala ilikuwa haijasimama vizuri, konda ameshagonga bati, nami nikashuka kwa mguu wa kushoto juu ya ukingo wa mtaro. Nusu ya kiatu ikawa kwenye zege, nusu hewani. Nyayo ikageukia ndani, uzito wote ukaja upande wa nje wa kifundo. Nilitembea mpaka nyumbani, kama mita 400 hivi, nikichechemea lakini nikitembea.

Nyumbani nilimkuta shangazi, aliyekuwa amekuja kukaa nasi mwezi ule. Kabla sijavua kiatu alikuwa ameshaweka sufuria ya maji jikoni. Kila aliyelelewa na watu wazima wa kwetu anajua kinachofuata: maji ya moto, chumvi, kitambaa, na kukanda. Nilimwambia, "Shangazi, naomba taratibu." Akanijibu, "Mwanangu, ukitaka taratibu utabaki kilema." Alikanda kwa nguvu nusu saa, akamalizia kwa kuchua na mafuta ya karafuu. Usiku mguu ukavimba kama andazi lililoachwa kwenye mafuta. Asubuhi damu ilikuwa imevilia kuanzia chini ya kifundo mpaka karibu na kidole kidogo, rangi ya zambarau iliyoiva.

Simlaumu shangazi, na wala si yeye aliyeniangusha siku ya mbio. Ila kwa anayesoma na ana mguu uliotoka kuteguka leo: joto na kuchua kwa nguvu saa za kwanza huongeza damu mahali ambapo mishipa midogo imepasuka, na uvimbe unakuwa mkubwa kuliko ulivyostahili. Bendeji ya kubana kiasi, mguu kuinuliwa juu ya mto, na barafu kama inapatikana ili kutuliza maumivu, vinatosha kwa siku mbili za mwanzo. Kukanda kuna siku zake, baadaye.

Hatua nne na kidole gumba

Jumatatu nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani fizio, dada mmoja ambaye umri wake ni kama wa mdogo wangu wa mwisho lakini mikono yake haina mzaha. Nilikwenda nikiwa tayari na pesa ya eksirei. Hakunipeleka. Aliniuliza kama niliweza kutembea hatua nne mara tu baada ya kuteguka, akanitaka nitembee nne nyingine mbele yake. Kisha akabonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje, kuanzia kama sentimita sita juu ya kifundo mpaka kwenye ncha, akafanya hivyohivyo upande wa ndani, halafu mfupa ulio kwenye ubavu wa nje wa wayo, na mwingine upande wa ndani mbele ya kifundo. Hakuna mahali pa mfupa palipouma. Palipouma ni mbele kidogo na chini ya nundu la nje, kwenye nyama laini.

Utaratibu huo una jina la mji. Ulitengenezwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, ukachapishwa mwaka 1992, na kazi yake ni kupunguza picha zisizo za lazima: kama hatua nne zinawezekana na mifupa hiyo haiumi ikibonyezwa, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Naueleza kwa sababu hapa kwetu watu wana mazoea mawili, na yote yana hasara. Wengine hawaendi kokote mpaka mguu uwe mweusi. Wengine wanadai eksirei kama wanavyodai risiti, na ikisema mfupa mzima, wanaona wamepewa ruhusa ya kukimbia. Eksirei haionyeshi kano, zile kamba zinazoshika mfupa na mfupa. Mfupa mzima si kifundo kizima.

Kano lililoumia kwangu ni lile fupi lililo mbele ya nundu la nje, ambalo ndilo huumia zaidi kuliko mengine yote mguu unapopindukia ndani. Lile nundu lenyewe kwa Kiswahili tunaliita jicho la mguu. Nilikuwa nalitamka jina hilo tangu utotoni bila kulifikiria. Dada fizio ndiye aliyenifanya nilifikirie, ingawa nadhani yeye hakukusudia.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Kano si kamba tu ya kufunga mfupa huu na ule. Ndani yake mna ncha za mishipa ya fahamu zinazopeleka habari kwenye ubongo kila wakati: kifundo kimeinama kiasi hiki, kimegeukia huku. Misuli inayoteremka ubavuni mwa ugoko, upande wa nje, ikipata habari mapema, inavuta wayo urudi kabla haujapinduka. Unapotembea kwenye kokoto gizani na huanguki, ni kwa sababu ya mazungumzo hayo. Kano likichanika, hata kidogo, mazungumzo yanakatika. Uvimbe unaisha kwa siku chache, maumivu yanapungua kwa wiki moja au mbili, lakini habari inaendelea kuchelewa kwa wiki nyingi baada ya hapo, na isipofundishwa upya inaweza kuchelewa kwa miezi. Ndiyo maana, alisema, kitu kinachotabiri vizuri zaidi kwamba mtu atateguka kifundo ni kwamba alishawahi kuteguka.

Nikamwambia, "Kwa hiyo jicho la mguu limekuwa kipofu." Akacheka, lakini hakukanusha.

Alinipa mazoezi: kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, kuinua visigino, kuvuta wayo kwa mpira kwenda nje. Alinipa pia kifungio cha kifundo, kile chenye kamba kama kiatu. Na akanipangia kurudi Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku tatu kabla ya mbio.

Siku hiyo nilikwenda nikijiona mzima. Nilikuwa natembea bila kuchechemea, napanda ngazi, nimeshalala usiku mmoja bila kuukumbuka mguu. Akanipima kwa vitu vya bure kabisa. Goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka: mguu wa kulia, kidole gumba kilikaa sentimita 11 kutoka ukutani, wa kushoto, 7. Kuinua kisigino kwa mguu mmoja: kulia 25, kushoto 16 na nilikuwa natetemeka. Kuruka kwa mguu mmoja mara kumi: kushoto nilifika sita, ya saba ikanichoma. Kisha kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Kulia sekunde 22. Kushoto sekunde nne.

Nne. Nilirudia mara tatu nikidhani nimeteleza. Nne, tano, nne. Nilikuwa naanguka kama mlevi huku sisikii maumivu yoyote.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kisa kizima kilipo. Namba zote nilizozihitaji nilikuwa nazo siku tatu kabla, na ile moja iliyokuwa na ukweli zaidi ndiyo isiyouma. "Kaka," dada fizio alisema, "maumivu yameondoka. Kano bado." Ushauri wake haukuwa kwamba nikae nyumbani. Alisema nitembee kilomita 5, kifungio kikiwa kimefungwa, nyuma ya umati, na nisikimbie hata hatua moja.

Fulana

Sasa niseme mbio zenyewe zilikuwa za namna gani, maana wengine watadhani nilikuwa nafukuzia muda. Zilikuwa mbio za hisani za Jumapili, za kuchangia matibabu ya watoto, kuanzia kwenye viwanja vya Oysterbay. Kilomita 5 na kilomita 10. Watu na watoto wao, ofisi nzima na mabosi wao, bendi ya tarumbeta. Kiingilio changu, shilingi 35,000, nilikuwa nimelipa mwezi mmoja kabla. Hakukuwa na zawadi kwa mtu wa mwendo wangu, na hakukuwa na mtu aliyekuwa akijua wala kutaka kujua muda wangu.

Na huo ndio mtego. Mbio zikiwa kubwa, mtu mwenye jeraha ana watu wa kumzuia. Mwaka 2020 Kenenisa Bekele alijitoa London Marathon siku mbili kabla, kwa sababu ya shavu la mguu wa kushoto, mbio ambazo dunia nzima ilikuwa inazisubiri azikimbie dhidi ya Eliud Kipchoge. Yeye riziki yake imo miguuni, ana kocha, ana daktari, ana hesabu ya kesho. Mimi nisiye na chochote cha kupata nilikosa wa kuniambia hapana, kwa sababu kila mtu, pamoja na mimi, alikuwa anasema "si za kushindana, ni za kujifurahisha tu." Neno "tu" hilo limewategua watu wengi.

Halafu kulikuwa na mambo mawili yaliyonivuta. La kwanza, mkurugenzi wetu kazini alikuwa ametania mbele ya watu kwamba katibu wa mchakamchaka akimaliza kilomita 10 ataongeza shilingi laki moja kwenye mchango. La pili ni fulana. Ijumaa nilipokwenda kuchukua vifaa, mezani palikuwa na foleni mbili, na dada aliyekuwa akigawa namba aliniuliza: "Kumi au tano?" Hakuna aliyenikataza kubadilisha. Fulana za kumi zilikuwa za bluu, za tano nyeupe. Nyuma yangu kulikuwa na wanachama wangu watatu.

Nikachukua ya bluu.

Nimezungumza na wenzangu kuhusu siku hii yote, na wengi wanaona kosa lilikuwa Jumapili, barabarani. Mimi nasema lilikuwa Ijumaa, mezani, na lilikuwa dogo mno kuonekana. Nilijiambia kuwa namba ya kumi hainilazimishi kukimbia kumi, nitaamua nikiwa kule. Kuamua nikiwa kule maana yake ni kuamua kukiwa na tarumbeta.

Akhwari

Ijumaa usiku niliandika kwenye kundi la WhatsApp la klabu kwamba mguu haujakaa sawa, huenda nikatembea. Mwenyekiti wetu, mtu mzima ninayemheshimu, alijibu kwa ujumbe wa sauti. Aliongea dakika mbili, na katika dakika hizo mbili alimtaja John Stephen Akhwari mara tatu.

Mtanzania hawezi kulikwepa jina hilo akiwa na mguu mbovu. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti likateguka, bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, goti limefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma huko mbali kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Sauti ya mwenyekiti ilinitoa machozi, nakiri. Lakini ukikaa chini ukakiangalia kisa chenyewe, hakifanani na changu hata kidogo. Akhwari hakutoka Mbulu akiwa na goti bovu. Alikuwa mzima alipoanza, aliumia ndani ya mbio, na kilichokuwa mbele yake hakina marudio: ni mara moja kwa miaka minne, na nchi ilikuwa imemtuma. Mimi sikuwa nimetumwa na nchi. Nilikuwa nimelipa 35,000. Na kuna sehemu ya habari yake ambayo hatuisimulii sana vijiweni: miaka miwili baadaye, mwaka 1970, alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akawa wa tano. Yaani alikuwa mkimbiaji aliyejua kuponya mguu na kurudi. Hatumnukuu Akhwari wa Edinburgh kwa sababu hana bendeji.

Jumapili

Saa 11 alfajiri nilikunywa vidonge viwili vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na chai ya rangi. Sikuandikiwa na mtu, nilivinunua duka la dawa Jumamosi jioni, "kwa tahadhari." Kifungio nilikijaribu, kikabana kiatu, nikakiacha kwenye begi. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja utaona nilichofanya: nilivua kitu kinachosaidia kifundo kisipinduke, nikameza kitu kinachonizuia nisijue kinapinduka.

Kuhusu vidonge kuna utafiti mmoja ambao dada fizio alinieleza baadaye, wakati sina tena cha kubisha. Ulichapishwa mwaka 1997, na ulifanywa kwa askari wapya 364 wa Jeshi la Australia waliokuwa kwenye kambi ya mafunzo ya Kapooka, wote wameteguka kifundo. Waliopewa piroksikamu, dawa ya ukoo mmoja na diklofenaki, walisikia maumivu machache na wakarudi mazoezini haraka kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ila vifundo vyao vilipopimwa, vilikutwa na dalili za kulegea. Matokeo hayo hayasemi kwamba dawa ni sumu. Yanasema kwamba mtu asiyesikia maumivu anarudi barabarani kabla ya kano lake. Na hapo hatujagusa habari ya figo, ambazo hazipendi dawa hizo mwili ukiwa umekauka kwa jasho la Dar.

Tulianza saa 12 kamili, bado giza. Mpango wangu ulikuwa kutembea. Nilitembea mita 600 hivi, nikiwa na mke wangu na binti yetu, wote fulana nyeupe. Kisha njia ikagawanyika: wa tano kushoto kuelekea ufukwe wa Coco, wa kumi moja kwa moja kuelekea darajani. Klabu yangu ilikuwa inapita wakati huohuo, filimbi mbele. "Katibu! Katibu!" Mke wangu alinitazama, akasema, "Baba, fulana yako inaita." Sijui mpaka leo kama ilikuwa ruhusa au onyo. Sikuuliza.

Tanzanite ina kilomita moja na mita kama 30, lami yake ni laini kama meza, na alfajiri ile upepo ulikuwa unatoka baharini. Nilikimbia. Mguu haukuuma hata chembe. Tulipogeuka kwenye kilomita ya tano jua lilikuwa linachomoza, na nilikuwa nakwenda dakika sita na nusu kwa kilomita huku naimba. Nataka hili lisomwe vizuri: kilomita sita za kukimbia hazikunidhuru. Kukimbia mbele, kwenye lami iliyonyooka, kifundo kilikuwa kinaweza. Kilichokuwa hakiwezi ni jambo la ghafla linalotoka pembeni. Na mbio za kujifurahisha zimejaa mambo ya pembeni kuliko mbio za kushindana: mtoto anayesimama ghafla kufunga kamba, watu wanne walioshikana mikono kwa ajili ya picha, tuta, ukingo wa barabara unaouruka ili kuwapita, na baada ya kila kituo cha maji, zulia la chupa. Ukiwa ndani ya kundi huoni chini. Unaona migongo. Macho ya kichwani hayakusaidii hapo. Unategemea yale ya mguuni.

Langu lilikuwa la sekunde nne.

Vijana wa huduma ya kwanza walifika upesi, wakanifunga vizuri, wakaniambia gari inakuja. Hapa nilifanya kosa ambalo sina la kulitetea, hata diklofenaki siwezi kuisingizia. Nilikataa gari. Kilomita tatu zilikuwa zimebaki, na laki moja ya mkurugenzi ilikuwa kichwani. Nilitembea kwa kushika ukingo wa daraja, mkono wa kulia kwenye chuma, mguu wa kushoto nikiuweka kama unavyoweka yai. Nilimaliza kwa saa moja na dakika 52. Mezani walishaanza kukunja vitambaa. Nikavishwa medali.

Mke wangu na binti yetu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wameshakunywa supu. Binti aliilinganisha medali yake ya kilomita 5 na yangu. Zilikuwa sawasawa, mpaka utepe.

Hesabu

Nilipofungua simu ili kuagiza bajaji ndipo nikakuta ujumbe wa muamala. Mkurugenzi alikuwa ameshatuma laki moja yake Jumamosi saa 3 usiku, na maneno mafupi: "Kila la heri kesho, usijiumize." Nilikuwa sijausoma. Kwa hiyo fedha zote ambazo mguu wangu ungeweza kuwaletea wale watoto, shilingi 135,000, zilikuwa zimeshatoka kabla sijavaa viatu.

Upande wa pili wa daftari ni huu. Eksirei, maana safari hii hatua nne zilinishinda: 30,000. Ultrasaundi, iliyoonyesha kano la kwanza limechanika zaidi na la pili chini yake nalo limeguswa: 60,000. Fizio mara tisa kwa 25,000: 225,000. Kifungio kigumu zaidi: 70,000. Bajaji ya kwenda na kurudi kazini wiki tano, kwa kuwa daladala sikuweza kupanda: 200,000. Jumla 585,000, na sijaweka wiki kumi bila kukimbia wala mchakamchaka wa Jumapili uliokosa katibu.

Nimeulizwa kama nalaumu waandaaji kwa chupa. Kidogo. Mapipa yangewekwa mita 50 mbele zaidi ya meza, mahali mtu anapomaliza kunywa, chupa nyingi zisingefika barabarani. Nimeshawaandikia hivyo, na walijibu kwa adabu. Lakini mtu mwenye kifundo cha sekunde nne angekuta kitu kingine. Kama si chupa, tuta. Kama si tuta, yule mtoto wa kamba za viatu.

Mwenyekiti alikuja kuniona wiki ya pili na machungwa. Alikaa, akautazama mguu juu ya mto, akasema, "Katibu, mimi nilikutia moyo tu." Nikamwambia najua, mzee. Tukazungumza mengine. Kabla ya kuondoka aliomba nimwonyeshe kile kipimo cha macho kufumbwa. Ana miaka 61, hajawahi kuteguka popote. Alisimama kwa mguu wa kulia sebuleni kwangu, viatu mkononi, akafika sekunde sita, akashika kabati. Akajaribu tena. Siku hizi, kabla ya kuanza mchakamchaka, klabu nzima inasimama kwa mguu mmoja gizani kama korongo, na filimbi hailii mpaka wote wamejaribu.

Mimi, Jumapili iliyopita: kulia 23, kushoto 17.